Rehani ya Kikombe cha Chai

Jino langu la mbele liko Njiru, kwenye machimbo ya mawe, na kama hawajalisaga pamoja na kokoto basi liko huko mpaka leo. Niliacha jino hilo Jumapili moja baada ya ibada, nikishuka njia ya ng'ombe juu ya blakmamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma inayobeba magunia ya viazi na ambayo haina springi popote isipokuwa chini ya kiti. Gurudumu la mbele liligonga jiwe. Baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Wenzangu niliokuwa nikiendesha nao walicheka kwanza, kisha wakaja kunifuta damu. Vijana wengine wa Kayole walicheza mpira, wengine walilewa, sisi tulitafuta mteremko mbaya kuliko wa wiki iliyopita tukajitupa.

Nitasema ukweli, nilipenda kuumia. Nilikuwa kibarua Industrial Area, kazi ya kupakia vyuma, na msimamizi wetu alikuwa na desturi ya kumtukania mtu mama yake kabla hajamsalimia. Kumpiga nisingeweza, maana mlangoni kulikuwa na foleni ya watu wanaoitaka kazi yangu. Basi wiki nzima nilimeza matusi, nikipiga kelele juu ya kelele za mashine mpaka sauti yangu ikawa kubwa hata nikiomba chumvi, na Jumapili nilikwenda kuipiga ardhi nayo ikinipiga. Ilikuwa haki kuliko kazini.

Niliishi na kaka yangu mkubwa katika chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Yeye alikuwa mchonga vinyago kama baba yetu, ambaye alikuja mjini kutoka Ukambani na tezo moja ya kuchongea kwenye gunia na akafa akiwa bado na tezo ileile. Kaka alirithi tezo hiyo. Alichonga vifaru, na vifaru vyake vilikuwa na hasira kuliko yeye. Sijapata kumwona akigombana na kondakta wala mwenye nyumba. Mama, kila alipotoka nyumbani kuja kututazama, alisema kwamba hasira ya watoto wawili nilipewa mimi peke yangu.

Mara moja tu kaka alinipiga. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mwizi wa redio alikuwa ameshikwa karibu na steji, na mimi nikaokota jiwe kama kila mtu. Lilimpata juu ya sikio, nikaona kichwa kikiruka, nikafurahi. Sitaki kudanganya, nilifurahi sana. Kaka alinitoa katikati ya watu kwa ukosi wa shati, akanisimamisha ukutani, akanizaba makofi mpaka midomo ikafura.

"Ulikuwa unamjua?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Ulimwona akiiba?"

Nikasema hapana.

"Sasa hilo jiwe ulikuwa unarusha ya nini?"

Jioni ile kaka hakutia kitu mdomoni, na mimi nilikula changu na chake.

Miaka ikapita, nikawa mtu mzima kwa kimo. Asubuhi moja, nikienda kazini, wanaume watatu walinisimamisha Spine Road, jua limeshatoka na watu wanapita, wakanipiga kichwani kwa bomba la maji. Niliamka nikiwa nimekaa kwenye mtaro, damu imenijaa jicho, na blakmamba imekwenda. Nilishonwa. Kwa muda wa mwezi mzima kila nilipofumba macho niliwaua wale watu watatu, mmoja baada ya mwingine, nikibadilisha silaha ili nisichoke. Kidonda kilipopona kikabaki kikiwasha, hasa nikikasirika, na nilikuwa nimekasirika wakati wote.

Kaka ndiye aliyesema, "Tafuta ingine. Lakini hiyo ya kuanguka nayo iwe na springi, la sivyo utabaki bila meno."

Miaka ile ya mwisho ya tisini, baiskeli za springi mbele na nyuma zilikuwa zimeanza kuingia na makontena ya mitumba. Tulikuwa tumeziona kwa mbali tu, zikipita zimebebwa juu ya magari ya Wazungu kuelekea Ngong. Nikasikia kwamba katika uwanja mmoja nyuma ya vibanda vya nyama, si mbali na Soko la Burma, kulikuwa na wauzaji wa baiskeli, na mzee mmoja kati yao anaziuza hizo. Jumamosi tukaenda, mimi na kaka.

Mzee huyo alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya aliyestaafu kazi ya reli, mnene, mpole wa kusema, na alizipanga baiskeli zake mstari mmoja kama mabehewa. Za springi mbili zilikuwa tatu tu. Nilizizunguka kama mtu anayetafuta ugomvi.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nzuri ya kutazama, ndefu kidogo kwangu. Nikainua gurudumu la nyuma, nikalishika kwa mikono miwili nikalitikisa kulia na kushoto. Likacheza kama jino bovu. Pale ambapo mkono wa nyuma, kile chuma kinachoshika gurudumu, hujikunja, bushi za kiungo zilikuwa zimekwisha. Baiskeli ya springi ikilegea hapo, ukiwa kwenye mteremko nyuma yake huenda kivyake na mbele kivyake, na wewe katikati unakwenda hospitali.

Ya pili ilikuwa ya bluu na rangi yake ilikuwa mpya. Nilikalia kiti nikajitupia uzito wote. Springi ya nyuma haikushuka hata kidogo. Kaka akapiga magoti, akakwaruza kwa ukucha karibu na kiungo, kipande cha rangi kikabanduka na chini yake kikatokea kidonge cha bati na gundi. Springi ile ilikuwa pambo. Fremu ilikuwa imevunjika huko ilikotoka, fundi fulani akaichomelea ikawa kitu kimoja, akaziba, akapaka rangi. Kaka aliujua uongo wa namna ile kwa sababu wachongaji nao wakipata ufa kwenye mti huuziba kwa gundi na unga wa mbao, wakapaka rangi ya viatu juu, mtalii akaondoka anashukuru.

Nilimgeukia yule mzee na matusi yote ya kazini yakaja kinywani. Kaka akanishika kiwiko.

"Naye amenunua bila kujua, kama vile wewe ulikuwa unataka kununua," akasema. "Angalia ya tatu."

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imechubuka kila mahali, nzito kama ng'ombe aliyekufa. Nikaitikisa, haikucheza. Nikaikalia, ikashuka kiasi cha vidole viwili, ikanipokea, ikatulia. Nikaipindua nikatazama kila mahali palipochomelewa nikitafuta ufa, nikanusa mafuta ya kwenye foki ya gurudumu la mbele, nikapiga spoki kwa funguo nikisikiliza iliyolegea. Nikairudia tena ile nyekundu. Nikairudia ya kijivu.

"Mchagua jembe si mkulima," kaka akasema.

"Kwani mimi ni mkulima? Hii ni nzito, brathe. Kupanda mlima nayo ni adhabu."

"Kijana, ijaribu," mzee akasema. "Acha mtu, uende."

Pale uwanjani kitambulisho hakikukubaliwa, kwa sababu vitambulisho vya kuokota vilikuwa vingi kuliko watu wenyewe. Viatu vilikataliwa tangu mtu mmoja alipoacha viatu vilivyotoboka akaondoka na baiskeli nzima. Ukitaka kujaribu, unaacha mtu. Mtu huyo aliitwa rehani. Alikalishwa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, mahali ambapo wauzaji wote wanamwona, akapewa kikombe cha chai na mwenye baiskeli. Chai ikiisha wewe uwe umerudi. Na rehani hasimami. Akitaka hata kujinyoosha huomba ruhusa.

Kaka akaketi kwenye kreti. Alikuwa amevaa makubazi yake ya kazini, yenye unga wa mbao kwenye kamba, na mzee akampa kikombe cha bati, cheupe, chenye mzunguko wa bluu mdomoni.

"Nenda," akaniambia. "Nitakunywa polepole."

Ningezunguka vibanda mara mbili nikarudi, kama walivyofanya wengine. Lakini springi haijaribiwi kwenye lami. Kwenye lami kila baiskeli ni nzuri, kama kila mchumba alivyo mzuri siku ya kwanza. Nikapita katikati ya nyumba za halmashauri, nikavuka barabara nikitukanana na mwenye gari, nikafika ukingo wa mto, mahali ambapo ardhi imekatika na mvua imeacha mawe, vyuma na mifupa kutoka vibanda vya nyama. Nikajitupa.

Sijui niseme vipi. Mawe ambayo yangenivunja mkono yalipita chini yangu yakigonga, nikasikia springi ya nyuma ikipokea na kurudisha, kupokea na kurudisha, na mwili wangu ukabaki umesimama. Gurudumu la mbele liligonga tofali lililokuwa limejificha, nikafumba macho nikingoja udongo mdomoni, na udongo haukuja. Nilifika chini nikiwa nacheka peke yangu na mkono unavuja damu kwa sababu nilikwaruzwa na bati, na wala sikuwa nimehisi.

Nikaisukuma juu, nikashuka tena, safari hii mahali pabaya zaidi, nione kama itavunjika. Haikuvunjika. Mara ya tatu niliipanda kwa kukanyaga kutoka chini mpaka juu, na nikajifunza kwamba nikisimama kwenye pedeli inainama na kunila nguvu, lakini nikikaa kitini nikakanyaga kwa utaratibu, gurudumu la nyuma linashika udongo na kupanda bila kuteleza. Hapo nilikuwa nimekwisha kuchagua. Nilijua kila nilichotaka kujua.

Nikashuka mara ya nne. Mara ile haikuwa ya kujaribu kitu chochote. Ilikuwa tamu tu.

Nilipokuwa narudi nikasikia umati kabla sijauona. Mtu aliyekulia Eastlands anazijua kelele hizo, hazifanani na za sokoni wala za mpira. Mchoma nyama mmoja, aproni yake imejaa damu ya mbuzi, alinipita mbio na ule mti wa kuchochea makaa mkononi.

"Ni nini?" nikamwuliza.

"Mwizi wa baiskeli," akasema bila kusimama.

Kidonda changu cha kichwani kikaanza kuwasha. Niliona bomba la maji, niliona mtaro, niliona blakmamba yangu ikiondoka. Sikuuliza ni nani, wala sikuuliza alionekana akiiba nini. Damu ya mteremko ilikuwa bado moto mwilini. Nikasimama nyuma ya migongo ya watu, nikapaza ile sauti yangu ya kupita mashine.

"Mvunjeni mikono," nikasema. "Mvunjeni mikono asiibe tena."

Mtu mmoja mbele yangu akageuka akaniunga mkono. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nikasukuma niingie nione, na mguu wangu ukakanyaga kitu. Kilikuwa kikombe cha bati, cheupe, kimebondeka, mzunguko wa bluu umejaa matope. Nikakitazama. Kisha nikaona, katikati ya miguu ya watu, kubazi moja lenye unga wa mbao.

Sikupiga kelele. Niliishika baiskeli kwa kiti na kwa foki, nikaiinua juu ya kichwa, ule uzito wote niliokuwa nimeulalamikia, nikaishusha kwenye mgongo wa mtu wa kwanza. Akaanguka. Wa pili aligeuka nami nikampiga usoni na gurudumu la mbele, nikasikia meno. Nilizungusha baiskeli ile kama mtu anayefyeka, na kila ilipogonga mfupa springi zake zilinirudishia mkono tayari kwa pigo lingine. Kijana mmoja alikuwa amekuja na tairi kuukuu begani, na kila mtu wa Nairobi anajua tairi huletwa kufanya nini mwizi anapochomwa. Huyo nilimpiga mara tatu. Nimesikia watu wakijutia waliyofanya wakiwa na hasira. Mimi wale sijamjutia hata mmoja.

Nikasimama juu ya kaka, baiskeli mkononi, nikihema.

"Baiskeli ni hii," nikawaambia. "Rehani ni huyu. Huyu ni brathe yangu."

Wakarudi nyuma. Hakuna aliyeomba msamaha. Mmoja, mwenye jiwe bado mkononi, aliniuliza kwa nini sikurudi mapema.

Mzee wa reli ndiye aliyenieleza, akilia wazi mbele ya watu. Kaka alikunywa chai polepole hata ikapoa. Ilipokwisha, mzee akamwuliza mtu wako yuko wapi, kaka akasema anakuja. Wakangoja. Kaka akaniogopea, akadhani nimegongwa na gari, akasimama na kikombe chake akatembea mpaka langoni kutazama barabara. Muuzaji mwingine, ambaye wiki hiyohiyo alipoteza baiskeli kwa sababu rehani aliyeachiwa alikuwa mpita njia aliyekodiwa na akatoroka, akamwona amesimama. Akapiga ukelele kwamba rehani anakimbia. Kaka hakukimbia. Labda angekimbia ingekuwa nafuu.

Tulimbeba kwa mkokoteni mpaka hospitali. Mbavu zilipona. Sikio la kushoto likapona nusu. Mkono wa kulia ulikuwa umekanyagwa juu ya jiwe, na vidole viliunga vyema isipokuwa kidole gumba, ambacho kilibaki kimenyooka kisikunjike. Tezo bila gumba haishikiki. Kaka alirudi kwenye kibanda cha wachongaji akapewa kazi ya kupiga msasa na kung'arisha vifaru vya watu wengine.

Hadi leo sijui kama mkono ule ulikuwa umeshavunjwa kabla sijapaza sauti. Nimejaribu kuhesabu hatua, kutoka pale nilipomwuliza yule mchoma nyama mpaka pale nilipokanyaga kikombe. Nimerudi mara mbili mahali pale kuzipima kwa miguu. Jibu sijapata.

Kaka alipotoka hospitali, mzee wa reli alikuja Kayole akiisukuma ile baiskeli ya kijivu, rimu ya mbele imepinda, akaiegemeza mlangoni petu. Akasema ni yetu, akashuka ngazi bila kungoja chai. Nilichukua nyundo chini ya kitanda. Nilitaka kuanza na springi ya nyuma.

"Weka nyundo chini," kaka akasema kutoka kitandani. "Hiyo baiskeli nimeilipia mimi."

Nikaiweka. Nikaiingiza baiskeli ndani, nikaipindua sakafuni, nikaanza kunyoosha rimu kwa ufunguo wa spoki kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini.

"Ulipoijaribu ilikuwaje?" kaka akauliza.

"Nzito."

"Ingekuwa nzito tu ungerudi."

Nikakaza spoki moja, nikalegeza nyingine, rimu ikawa inazunguka ikinikwepa.

"Sikuwa naona kitu, macho yalikuwa yamefura," akasema. "Lakini nilisikia sauti yako, kule nyuma ya watu. Nikajiambia, ah, amefika. Nimepona."

Sikumwuliza kama alisikia sauti tu au alisikia na maneno. Alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mkono wa kushoto, akanishikia rimu isizunguke.